Kwa Nini Soda Huisha Gesi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni gesi gani iliyomo ndani ya soda, na ni nyingi kiasi gani?

Ni kaboni dioksaidi, gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua, ambayo siku hizi wengi huiita hewa ukaa. Kiwandani huingizwa katika kinywaji kilichokwisha kupozwa, chini ya mgandamizo mkubwa, kisha chupa huzibwa papo hapo. Soda nyingi za kola huwa na gramu 6 hadi 8 za gesi hiyo katika kila lita. Ukiitoa gesi yote iliyomo katika chupa moja ya mililita 350 na kuiacha itanuke katika hewa ya kawaida, itajaza chombo cha zaidi ya lita moja, yaani zaidi ya mara tatu ya ujazo wa soda yenyewe. Soda za ladha ya matunda, kama za machungwa, kwa kawaida hutiwa gesi kidogo kuliko kola, na ndiyo maana huonekana kuishiwa upesi zaidi.

Gesi yenyewe hupatikana kwa njia nyingi, ikiwemo uchachushaji wa pombe na uzalishaji wa mbolea. Katika eneo letu hutoka hata ardhini: Kereita nchini Kenya na Rungwe mkoani Mbeya ni sehemu ambazo kaboni dioksaidi asilia, iliyotokana na mfumo wa volkano wa Bonde la Ufa, huvunwa, husafishwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji.

Kwa nini gesi haipungui chupa ikiwa imezibwa?

Hapa ndipo penye kiini cha somo lote, kwa hiyo ninaomba msomaji anivumilie kidogo. Wengi hudhani kwamba kizibo ndicho kinachoishikilia gesi ndani ya soda, kama mlango wa zizi unavyowazuia mbuzi. Ukweli ni kwamba hata ndani ya chupa iliyozibwa gesi hutoka kwenye kinywaji kila wakati na kuingia katika ile nafasi ndogo iliyopo shingoni. Tofauti ni kwamba nafasi hiyo imejaa kaboni dioksaidi, na molekuli za gesi iliyo juu nazo hurudi ndani ya kinywaji kila wakati. Zinazotoka zikiwa sawa na zinazorudi, kinywaji hubaki kama kilivyo, ingawa ndani yake mwendo haukomi.

Mkemia Mwingereza William Henry, aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyeeleza kanuni hii mwaka 1803: kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo hiyo juu ya kimiminika. Maneno ya kushika hapo ni "gesi hiyo hiyo". Hewa ya kawaida, hata iwe nyingi namna gani juu ya soda, hairudishi kaboni dioksaidi ndani yake. Karibu kila swali linalofuata hujibiwa na maneno hayo.

Ni nini hasa hutokea kizibo kinapotolewa?

Gesi iliyokuwa shingoni hutoka kwa kishindo, na ndiyo sauti tunayoisikia. Ukitazama kwa makini wakati wa kufungua chupa ya baridi, utaona ukungu mwembamba mweupe ukipanda mdomoni mwa chupa kwa muda mfupi kisha ukatoweka. Ule si moshi, wala si kaboni dioksaidi, kwa maana gesi hiyo haina rangi. Gesi inapotanuka ghafla hupoa sana, na mvuke wa maji uliomo hugeuka kuwa matone madogo kama ya ukungu wa asubuhi.

Tangu dakika hiyo, juu ya kinywaji kuna hewa ya kawaida, ambayo kaboni dioksaidi iliyomo ni takriban asilimia 0.04 tu. Molekuli zinatoka kama kawaida, lakini karibu hakuna zinazorudi. Soda sasa imeshika gesi nyingi mno kuliko inavyoweza kushika katika hali hiyo mpya, na itaendelea kuitoa mpaka karibu yote imekwisha.

Inafaa kujua kwamba gesi ina njia mbili za kutokea. Njia ya kwanza ni viputo, ambavyo kila mtu huviona. Ya pili ni uso wa kinywaji, ambako gesi huondoka kimya kimya bila dalili yoyote. Ikiwa kinywaji kimetulia ndani ya glasi, njia hii ya pili ndiyo inayopitisha sehemu kubwa zaidi. Ndiyo sababu soda iliyoachwa mezani huisha gesi hata kama huoni kiputo kikipanda, na huisha mapema zaidi katika bakuli pana kuliko katika glasi nyembamba.

Mbona viputo huanzia sehemu zile zile za glasi?

Kiputo hakizaliwi kirahisi katikati ya maji matupu. Kiputo kichanga kabisa hubanwa na mvutano wa uso wa maji kwa nguvu kubwa sana, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi, hata gesi iliyomo ikalazimika kuyeyuka tena kabla haijakua. Ili kiputo kikue kinahitaji mahali ambapo tayari pana mfuko mdogo wa hewa, ili kianze kikiwa na ukubwa wa kutosha. Mahali hapo ni mkwaruzo, chembe ya vumbi au, mara nyingi zaidi, uzi mdogo wa pamba ulionasa kwenye ukuta wa glasi.

Jaribio hili linaweza kufanywa jikoni. Chukua glasi mbili zinazofanana. Moja ioshe kwa sabuni, isuuze vizuri kwa maji, kisha iinamishe ikauke yenyewe. Nyingine iifute ndani kwa kipande cha kanga kikavu. Mimina soda ile ile katika zote mbili, kisha zitazame kwa ubavu huku mwanga ukitokea nyuma. Katika glasi iliyofutwa utaona mistari ya viputo ikipanda kama shanga zilizotungwa, kila mstari ukianzia nukta moja isiyohama. Nukta hiyo ni uzi wa kanga. Ndani ya uzi huo mna kijitundu chenye hewa. Gesi huingia humo, hujaa, hukatika kuwa kiputo, huondoka, na kiasi kidogo cha hewa hubaki nyuma ili kuanzisha kingine. Mwanafizikia Mfaransa Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims ametumia miaka mingi kupiga picha nyuzi za aina hiyo ndani ya glasi za shampeni, na picha zake zinaonyesha jambo hili waziwazi.

Kwa sababu hiyo barafu yenye uso wa kukwaruza, chumvi, na hata njugu zilizotumbukizwa ndani ya soda huifanya ichemke povu: zote hubeba mifuko midogo ya hewa. Peremende za Mentos zimepata umaarufu kwa hilo, kwa kuwa uso wake una vishimo vingi sana, viambato vyake hupunguza mvutano wa uso wa maji, na ni nzito kiasi cha kuzama hadi chini na kufumua gesi kuanzia kitakoni mwa chupa.

Kwa nini soda ya moto huisha gesi upesi kuliko ya baridi?

Kwa sababu maji ya baridi hushika gesi nyingi zaidi. Katika mgandamizo wa kawaida wa kaboni dioksaidi tupu, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 za Selsiasi hushika takriban gramu 3.3, ikifika nyuzi 25 hushika takriban gramu 1.5, yaani chini ya nusu. Hali hii ni kinyume cha sukari, ambayo huyeyuka vizuri zaidi katika maji ya moto, na nadhani ndiyo sababu wengi hushangaa wanapoisikia kwa mara ya kwanza.

Joto hubadilisha pia mgandamizo ndani ya chupa iliyozibwa. Kola iliyotoka kwenye friji huwa na mgandamizo wa takriban mara mbili na nusu ya ule wa hewa ya nje. Chupa hiyo hiyo ikikaa dukani katika nyuzi 30, mgandamizo hupanda hadi zaidi ya mara tano, ambao ni mkubwa kuliko wa tairi la gari dogo. Muuza duka anayeacha kreti juani huku akipanga nyingine huwa ameacha vyombo vyenye nguvu halisi, na chupa ya kioo yenye ufa anapaswa kuishika kwa tahadhari.

Soda ikigandishwa kabisa nayo huharibika, kwa njia nyingine: barafu haishiki gesi, hivyo maji yanapoganda gesi husukumwa nje, na barafu yenyewe hutanuka. Kopo huvimba au kupasuka.

Je, kugonga kopo lililotikiswa huzuia lisifumuke?

Hapana. Kutikisa hakuongezi mgandamizo ndani ya kopo lililokaa muda mrefu, kwa sababu gesi ya juu na ya ndani ya kinywaji zilikwisha kulingana. Kinachofanyika ni kwamba gesi ya juu huchanganywa na kinywaji na kuwa viputo vidogo vidogo vilivyotapakaa kote, na kopo likifunguliwa, kila kimoja hukua kwa wakati mmoja na kusukuma kinywaji nje. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walijaribu makopo ya bia yapatayo 1,000, mengine yakigongwa na mengine yasigongwe, na hawakuona tofauti. Dawa ni kungoja dakika chache ili viputo vipande juu na kutoweka.

Nimeifunga chupa kubwa vizuri na kuiweka kwenye friji. Mbona kesho yake haina gesi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na anayeuliza mara nyingi amekwisha kukilaumu kifuniko. Mara nyingi kifuniko hakina kosa. Tuseme una chupa ya lita 2, mmekunywa lita 1, nusu ya chupa ikabaki tupu. Nafasi hiyo tupu imejaa hewa ya kawaida, si kaboni dioksaidi. Ukiifunga, gesi itatoka kwenye soda mpaka ijaze nafasi hiyo kiasi cha kulingana na iliyobaki ndani. Nikipiga hesabu kwa kanuni ya Henry, katika baridi ya nyuzi 4 soda hiyo itapoteza takriban asilimia 40 ya gesi yake bila hata chembe moja kuvuja nje ya chupa. Ikiachwa mezani katika nyuzi 30 itapoteza takriban asilimia 60. Na siku ya pili ukiifungua, gesi yote iliyokuwa imejikusanya juu huondoka kwa ile sauti tunayoifurahia, hewa mpya huingia, na hesabu huanza upya kwa kiasi kilichopungua.

Sasa linganisha na chupa ambayo nafasi tupu ni sehemu moja tu kwa kila sehemu kumi za soda. Katika baridi ile ile hupotea takriban asilimia 6. Kwa hiyo njia bora ya kuhifadhi soda iliyobaki ni kuimimina taratibu, kwa kuinamisha chupa, ndani ya chupa ndogo iliyopozwa, ijae karibu na mdomo, kisha ifungwe na kurudishwa kwenye friji. Kumimina nako hupoteza gesi kiasi, lakini ni kidogo kuliko kinachopotea ndani ya nafasi kubwa tupu. Anayenunua soda kwa ajili ya watu wawili na kuchagua chupa ya lita 2 kwa sababu ya bei, hiyo nafuu huilipa kwa gesi siku inayofuata.

Je, kuikamua chupa ya plastiki kabla ya kuifunga husaidia?

Inaonekana kama inasaidia, kwa kuwa unaondoa ile nafasi tupu. Shida ni kwamba chupa iliyokamuliwa haina nguvu ya kubaki imekunjamana. Gesi ikianza kutoka kwenye soda huisukuma chupa irudi umbo lake, na nafasi tupu inarudi vile vile, safari hii ikijazwa na gesi iliyotoka kwenye soda yako. Mwisho wa yote soda imepoteza kiasi kile kile. Ingesaidia tu kama kuta za chupa zingezuiwa zisitanuke.

Na zile pampu ndogo za kujaza hewa ndani ya chupa?

Hizi ndizo zinazonisikitisha, kwa sababu watu hutoa pesa kuzinunua, na ukiibonyeza chupa baada ya kupampu huiona ngumu kama mpya. Lakini pampu huingiza hewa, na hewa si gesi hiyo hiyo. Kaboni dioksaidi iliyomo ndani ya soda haipimi mgandamizo wote uliopo juu yake. Inahusika na sehemu ile tu inayotokana na kaboni dioksaidi, ambayo pampu haijaiongeza hata kidogo. Mgandamizo mkubwa wa hewa huzuia viputo visikue kwa muda huo, kwa hiyo soda hutulia na kupoteza gesi polepole zaidi kupitia uso wake, lakini baada ya saa kadhaa kiasi kilichopotea huwa kile kile.

Kijiko kinachoning'inizwa mdomoni mwa chupa hakifanyi lolote. Kuigeuza chupa kichwa chini husaidia tu ikiwa kifuniko kinavuja, na hata hapo unaweza kukuta soda sakafuni.

Soda ya chupa ya plastiki ambayo haijafunguliwa inaweza kuisha gesi?

Ndiyo. Plastiki inayotumika, ambayo hakimiliki yake kama chupa ya soda ilitolewa Marekani mwaka 1973 kwa Nathaniel Wyeth, hupitisha kaboni dioksaidi polepole kupitia ukuta wake. Kioo na bati la kopo havipitishi. Chupa ndogo ya plastiki huishiwa mapema kuliko kubwa kwa sababu ukuta wake ni mkubwa ukilinganisha na soda iliyomo, na ndiyo maana tarehe ya mwisho ya chupa ndogo mara nyingi huwa karibu zaidi. Joto huharakisha upotevu huo. Kwa ladha ya gesi peke yake, chupa ya kioo yenye kizibo cha bati, kilichobuniwa na William Painter huko Baltimore mwaka 1892, bado ni chombo bora sana.

Kwa nini soda iliyoisha gesi huwa tamu kupita kiasi?

Sukari haijaongezeka. Kilichopungua ni uchachu na ule muwasho wa ulimini. Sehemu ndogo ya kaboni dioksaidi iliyoyeyuka huungana na maji na kuwa asidi ya kaboniki, na ulimini kuna kimeng'enya kinachoharakisha badiliko hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba seli zile zile zinazotambua uchachu ndizo zinazoionja gesi. Uchachu huo ukiondoka, sukari iliyokuwa imesawazishwa nao husikika peke yake. Wengi huamini kwamba kinachochoma ulimi ni viputo vinavyopasuka, lakini watu waliokunywa kinywaji chenye gesi ndani ya chumba chenye mgandamizo mkubwa, ambamo viputo haviwezi kujitokeza, waliusikia muwasho ule ule.

Je, ni vizuri kumpa mtoto anayeharisha soda iliyotolewa gesi?

Wazazi wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakiikoroga soda kwa kijiko mpaka itulie. Tafadhali msifanye hivyo. Kutoa gesi hakupunguzi sukari, na kola ina zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita, wakati mchanganyiko wa ORS (wa kurudisha maji mwilini) unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una gramu 13.5 za glukosi pamoja na chumvi ambazo soda karibu haina. Sukari nyingi namna hiyo huweza kuvuta maji kuelekea utumboni na kuzidisha kuharisha. Mpeni mtoto ORS, na mpelekeni kituo cha afya.

Je, soda hufumuka zaidi katika miji ya milimani?

Kidogo, ndiyo. Kiputo hukua pale gesi iliyoyeyuka inaposhinda mgandamizo wa hewa ya nje. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa karibu asilimia 80 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo chupa moja ikifunguliwa katika baridi ile ile itatoa povu zaidi Nairobi. Muda wa kuisha gesi kabisa hautofautiani sana.

Je, jambo hili hutokea katika maji ya asili?

Hutokea, na kwa ukubwa wa kutisha. Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Kongo, limeshika katika maji yake ya kina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na takriban 60 za methani, zikipimwa katika hali ya kawaida ya hewa. Kinachofanya kazi ya kizibo huko ni uzito wa maji yaliyo juu. Nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilifumuka usiku kama chupa iliyotikiswa. Wingu la gesi lilishuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo, kwa kuwa kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Wakazi wa Goma wanaifahamu hatari hiyo kwa jina la mazuku, yaani gesi inayotoka ardhini na kujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, ambamo mbuzi aliyeingia kulisha huanguka asiinuke.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuitoa gesi kwa usalama. Huko Nyos, mwaka 2001, bomba liliteremshwa zaidi ya mita 200 hadi kwenye maji yenye gesi. Pampu ilihitajika mwanzoni tu. Maji yalipoanza kupanda, mgandamizo ulipungua, viputo vikajitokeza ndani ya bomba, maji yenye viputo yakawa mepesi na kuvuta mengine nyuma yake, na safu ya maji ikaruka takriban mita 50 juu ya ziwa, ikiendelea yenyewe bila injini. Kwenye Ziwa Kivu, mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016 karibu na Karongi, Rwanda, huyapandisha maji kutoka kina cha zaidi ya mita 300, huitenganisha methani inapojitokeza kwa viputo, na kuzalisha megawati 26 za umeme.